Deni Lililoandikwa kwa Jina la Mume Wangu

Deni lililomkosesha mume wangu kazi lilikuwa langu. Liliandikwa kwa jina lake, katika duka la Haji pale Bwera, na yeye mwenyewe hakujua kama lipo. Watoto wangu wanajua kwamba baba yao alivunja mawe kwenye reli. Hawajui ilikuwaje mtu aliyejua kusoma, kuandika na kupima mizani akaishia kuvunja mawe, na hawajawahi kuniuliza.

Mimi nilizaliwa Kyondo, juu mlimani, kwenye kahawa. Yeye alikuwa mtu wa Kitswamba, kule chini kwenye tambarare. Kwetu hawakumpenda sana, maana hakujua Lhukonzo, lugha yetu, na hakuwa na shamba. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na viatu vizuri, koti zito la jeshi na maneno machache. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, yeye kile cha jeshi na mimi kile cha sokoni. Jeshini alikuwa mtunza stoo. Alisema kwamba kwa miaka mitatu hakupotea blanketi hata moja mikononi mwake, na nilimwamini, kwa sababu hata nyumbani alijua tuna vijiko vingapi.

Tulipanga chumba nyuma ya soko la Bwera, karibu na mpaka. Yeye alipakia mizigo na kusafiri na lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, aliyepeleka kahawa na samaki wakavu Kampala. Alilipwa kwa safari. Hakuna safari, hakuna pesa. Hata hivyo alichukia mkopo kuliko njaa. Jeshini aliwaona wanaume wakiuza mshahara wa mwezi ambao haujafika, na jambo hilo lilimwingia moyoni. Sukari ikiisha na senti hakuna, tulikunywa chai ya chumvi. Alipopita mbele ya duka la Haji alisalimia akiwa amenyoosha shingo, na Haji alimheshimu kwa hilo, maana wateja wake wengi walipita wakiangalia chini.

Wakati wa mvua kubwa lori lilivunjika ekseli mbele ya Fort Portal, na mume wangu akakaa huko wiki tatu, yeye na dereva wakingojea chuma kutoka Kampala. Katika wiki ya pili mtoto wetu wa pili, msichana aliyekuwa ameanza tu kutembea, alishikwa na kifua. Siku ya kwanza nilimkanda kwa maji ya moto. Siku ya pili nilimpa dawa ya majani aliyoniletea mama mmoja jirani. Siku ya tatu alikataa ziwa, na mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nilikuwa na senti hamsini. Nikambeba mgongoni, nikaenda kwa Haji.

Haji alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya taratibu. Nilimwomba blanketi, maziwa ya kopo, mafuta ya taa, na pesa ya nauli ya kunifikisha hospitali ya misheni. Alimtazama mtoto, akaanza kushusha vitu kwenye rafu kabla sijamaliza kusema. Kisha akafungua daftari.

"Nitaandika nani?" akauliza.

"Niandike mimi."

"Mama, mimi haiandiki mwanamuke. Mwanamuke akihama, nitamutafuta wapi? Naandika bwana yako."

"Bwana hayuko, Haji. Iko safarini. Na yeye hataki deni."

"Mutoto ni wa nani?"

Nikachukua blanketi, nikamfunika mtoto. Akaandika.

Hospitalini walimpokea, wakamchoma sindano, lakini tulikuwa tumechelewa. Alikufa asubuhi ya siku ya tano, nikiwa nimemshika. Nilirudi naye Bwera nyuma ya gari la mtu aliyekuwa akipeleka mabati, nimemfunika lile blanketi jipya ili abiria wenzangu wasijue. Nikapita tena kwa Haji kuchukua kitambaa cha marekani cha kumzikia, yadi mbili. Haji akaandika na hiyo. Tukamzika kwenye makaburi ya kanisa, mimi, mwalimu wa kanisa na majirani, mume wangu akiwa bado yuko barabarani.

Aliporudi, habari ilikuwa imemfikia njiani. Alisimama mlangoni na matope hadi magotini. Hakulia. Aliuliza mambo kama mtu anayehesabu: aliugua siku ngapi, nilikwenda hospitali na nini, nani alinunua nguo ya kumzikia.

"Majirani walichanga," nikasema.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nadhani nilimwona amebeba mzigo wa kumtosha, nikasema huu mwingine nitampa wiki ijayo. Lakini kesho yake asubuhi alivaa shati safi, akatoka kwenda nyumba kwa nyumba kushukuru. Majirani walikuwa wamekuja kulia nami. Walileta ndizi, walichota maji, walilala chini kwangu. Hakuna aliyechanga hata senti. Lakini nani atamkatalia mfiwa shukrani zake? Waliitikia, wakampa pole. Kwenye chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta wa udongo, nilimsikia akimwambia mjane mmoja mzee, "Asante kwa nguo ya mtoto." Yule mama akasema, "Mungu akupe nguvu."

Baada ya hapo ningesema nini?

Nilianza kulipa kwa siri. Deni lilikuwa shilingi thelathini na saba. Niliuza maharagwe, nilikoboa kahawa ya watu, nikampelekea Haji shilingi moja, mara nyingine mbili. Nilimwomba asimwambie mume wangu.

"Mimi sitamwambia," alisema Haji. "Lakini mutu mwingine akiniuliza, sitasema uongo. Mimi naogopa Mungu."

Nilikubali, kwa sababu sikuona ni nani mwingine angeweza kuuliza. Kisha nikapata mimba nyingine, mgongo ukanikataa, na kulipa kukasimama. Zilibaki shilingi ishirini na nne. Nikaanza kupita njia ya nyuma, ile ya machinjioni, ili nisipite mbele ya duka.

Mwaka uliofuata reli ilikuwa inakaribia Kasese. Hata kabla ya treni kufika, watu walijenga. Kulikuwa na ghala jipya la mizigo lenye paa la bati, la kuwekea saruji, pamba na kahawa, na habari ikafika Bwera kwamba wanatafuta mtunza ghala anayejua kuandika. Mshahara ulikuwa wa mwezi, siyo wa safari, na kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Mume wangu alipiga pasi kaptura yake ya jeshi, akapanda lori, akaenda.

Alirudi siku ya pili saa kumi jioni, na mara ya kwanza tangu tumzike mtoto nilimwona akicheka. Alikaa kwenye kigoda akala huku akizungumza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Walimpa mizani akapima. Walimpa karatasi akaandika. Walimwonyesha magunia yaliyopangwa, wakamuuliza ni mangapi, akajibu bila kuyagusa, na Mzungu msimamizi akahesabu mwenyewe akakuta ni kweli.

"Jumatatu nirudi," alisema. "Kwanza wanauliza habari yangu. Wamenitaka majina matatu."

"Majina ya nini?"

"Ya watu watakaosema mimi ni mtu gani. Mzungu alisema mtu wa ghala anashika mali ya wengine. Kama iko na deni huko kwake, ataiba hapa alipe kule. Nikawapa chifu wetu wa gombolola. Nikawapa mwalimu wa kanisa. Halafu nikawapa Haji."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikauliza, "Kwa nini Haji?"

"Kwa sababu yeye anajua. Mzungu aliniuliza mara mbili, una deni dukani? Nikasema, hapana, afande, hata senti moja. Karani wake akaandika."

Hapo ndipo ningesema. Nimerudia dakika ile mara nyingi kuliko siku ya mazishi. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amekaa karibu na baba yake, na mume wangu alikuwa anamwambia habari ya shule ya Kasese. Nilimwambia mume wangu aongeze mboga.

Asubuhi yake nilichukua kuku wangu wawili na shilingi tatu nilizokuwa nazo, nikaenda kwa Haji. Nilitaka apokee, aandike kwamba limebaki kidogo, au aandike chochote. Nje ya duka palikuwa na gari la ghala kutoka Kasese. Ndani, juu ya sanduku la sabuni, alikaa karani, kijana Mganda mwenye kalamu mfukoni na viatu vyenye vumbi. Daftari lilikuwa wazi mbele yake.

Haji aliponiona alifunga macho kidogo.

"Huyu ndiye bibi yake," alimwambia karani.

Nikaweka kuku chini. Nikasema, "Bwana, deni ile ni yangu. Mimi ndiye nilichukua. Mtoto alikuwa mgonjwa, na yeye alikuwa safarini. Yeye hajui."

Karani aligeuza daftari kwangu, ingawa mimi sikujua kusoma. "Jina ya nani iko hapa?"

"Yake."

"Miezi mingapi?"

"Kumi na minne," Haji akajibu badala yangu. Kisha akaongeza, "Lakini yeye ni mutu muzuri. Hiyo nitasema mbele ya Mungu. Sijamuona akichukua kitu bila kulipa."

"Na hii ni nini?" Karani hakuwa na ukali. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa. "Haji, ukiwa wewe, utamuweka kwa ghala? Kama hii yote ilitoka kwa nyumba yake na yeye haikujua, gunia ikitoka kwa ghala atajua namna gani? Na kama alijua, basi alidanganya Mzungu."

"Hakujua," nikasema tena.

"Mama, wewe ni bibi yake. Utasema nini kingine?"

Akaandika mstari mmoja kwenye karatasi yake, akamshukuru Haji kwa chai, akatoka. Gari likaondoka. Haji alikataa kuku, akapokea zile shilingi tatu, akazikata kwenye daftari. Nikarudi nyumbani na kuku wangu chini ya kwapa.

Ilikuwa Alhamisi. Zilibaki siku nne hadi Jumatatu, na kila siku niliamka nikiwa na maneno tayari, na kila siku niliyapeleka hadi jioni na kuyarudisha. Nilijidanganya kwamba labda karani atasahau, labda Mzungu atakumbuka yale magunia aliyoyahesabu. Jumatatu mume wangu aliondoka na sanduku lake la bati, ameshaweka ndani nguo za kulalia, kwa sababu aliamini hatarudi siku hiyo.

Alirudi kesho yake na sanduku. Hakuja moja kwa moja nyumbani. Alipita kwanza dukani, akamwambia Haji amwonyeshe. Haji alinisimulia baadaye kwamba alisoma ukurasa ule wote akiwa amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Blanketi. Maziwa. Mafuta ya taa. Nauli. Alipofika kwenye marekani, yadi mbili, kidole kilisimama, na akakaa hivyo muda mrefu hadi wateja wakaanza kutoka.

Mimi nilikuwa nje ninapembua maharagwe. Aliweka sanduku chini, akakaa kwenye kizingiti.

"Wamesema mimi ni mwongo," alisema.

Nikaacha maharagwe.

"Mzungu hakunifukuza vibaya. Alisema deni kila mtu anaweza kupata. Lakini nilimwangalia usoni nikasema sina." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Sema sasa. Yote. Moja kwa moja."

Nikamwambia yote, na habari ya karani pia. Hakunikatiza. Alikuwa na mkono mzito, na wanaume wa pale sokoni walipiga wake zao kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilikuwa nimejiandaa. Hakunigusa. Aliniuliza jambo moja tu.

"Siku ile nilipokwenda kuwashukuru wale watu, wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nilikusikia."

"Ulinisikia," akasema. Akaamka, akaingia, akalala akiwa ameupa mlango mgongo, mchana kweupe.

Wiki ile aliuza koti lake la jeshi kwa dereva mmoja wa ng'ambo ya mpaka, akalipa deni lote. Haji alimwandikia karatasi ya kumaliza, akaweka na mhuri wa duka. Mume wangu akaipeleka Kasese. Karani aliisoma, akairudisha. Nafasi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mtu kutoka Toro. "Na hata kama ingekuwa bado," alimwambia, "deni umelipa. Ile neno ulisema kwa Mzungu, utalipa na nini?"

Alijaribu mahali pengine. Kwenye ofisi moja ya mgodi, kule mlimani, waliuliza kama ni yule wa Bwera. Kwa mnunuzi mmoja wa pamba ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyetuma barua. Ni kwamba makarani wa Kasese walikuwa wachache, walikula hoteli moja, na walizungumza. Hata yule mwenye lori akaanza kumpa safari kwa kusita, na stakabadhi za mizigo akampa mwingine azishike.

Pale sokoni habari ilienea pia. Siku moja yule mjane wa chumba cha pili alikuja na jogoo. Alimkuta mume wangu mlangoni, akapiga magoti kama desturi yake.

"Baba, nilipokea asante ambayo haikuwa yangu," alisema. "Imenikaa hapa." Akajigusa kifuani.

Mume wangu alimnyanyua. "Ulimlilia mtoto wangu wakati mimi siko. Rudi na jogoo wako, mama."

Kwake alikuwa na maneno hayo. Kwangu alisema ya lazima tu: maji yako wapi, mtoto amekula, kesho naondoka.

Aliondoka kwenda kazi ya reli, kwa sababu huko hakuna aliyeuliza habari ya mtu. Mnyapara aliangalia viganja, akakupa nyundo. Walivunja mawe ya kutandika chini ya njia, upande wa mto Nyamwamba, wakilala kumi katika hema moja. Mimi nilijifungua mtoto wa kiume yeye akiwa huko. Kila mwisho wa mwezi alituma pesa kwa mkono wa dereva, zimefungwa kwenye kitambaa. Hakutuma salamu.

Katika mwezi wake wa saba huko, kipande cha jiwe kiliruka kikamwingia jicho la kulia. Hawakuwa na miwani ya kazi, au ilikuwepo na haikugawiwa, sikupata kujua. Alikaa siku mbili hemani kabla ya kupelekwa kwa daktari. Walipomtoa bandeji jicho lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa. Mkandarasi alimlipa siku alizofanya kazi tu.

Nilikwenda kumchukua. Nilimwacha mkubwa kwa yule mjane, nikambeba mdogo mgongoni, nikapanda lori la chumvi hadi Kasese. Nilimkuta amekaa nje ya zahanati juu ya sanduku lake la bati. Alimtazama mtoto, ambaye hakuwa amemwona, akageuza kichwa chote ili amwone vizuri kwa lile jicho moja.

"Amenenepa," alisema.

Lori la kurudi Bwera lilikuwa linapakia kwenye ghala la mizigo. Hapakuwa na lingine. Tukaenda tukasubiri kivulini, kwenye ukuta wa bati, mbele ya mlango ambao ungekuwa wake. Nilitamani aliyepata kazi ile awe mtu mbaya. Alikuwa kijana mpole, mnene kidogo. Alipomwona mama mwenye mtoto mchanga alituletea maji kwenye kikombe cha bati, akatuletea na gunia tupu tukalie.

Mume wangu alikuwa anaangalia ndani. Baada ya muda alisimama, akaenda hadi mlangoni, hakuvuka.

"Kijana," alisema. "Hiyo safu ya kahawa, ya kushoto. Umeiweka chini kwenye sakafu ya saruji. Gunia za chini zitakula unyevu. Weka mbao kwanza. Na uache njia ya mkono ukutani, upepo upite."

Kijana aligeuka akazitazama safu zake. Akainama, akasukuma mkono chini ya gunia moja, akautoa ukiwa na unyevu.

"Ni kweli, mzee," alisema. "Wewe ulijifunza wapi?"

Mume wangu hakuwa amefika miaka arobaini. "Jeshini," alijibu.

"Sasa uko kazi gani?"

"Nasubiri lori."

Kijana akacheka kwa adabu, akidhani ni mzaha, kisha akawaita wapagazi watatu, akaagiza mbao. Tulisikia magunia yakishushwa moja baada ya jingine mpaka dereva alipotuita. Tulikaa juu ya mzigo. Barabara ilikuwa mbaya, na kila gari lilipoyumba nilimwona mume wangu anapapasa kutafuta kamba upande asioona. Mara ya tatu nilichukua mkono wake nikauweka penye kamba. Hakuutoa, wala hakunitazama. Tulifika Bwera jua likiwa bado juu, na nikashuka kwanza ili nimshike.